Kanda ya Mama wa Mizani

Binti alikuja kituoni akiwa na memori kadi kiganjani. "Shikamoo baba," akasema, "naomba unitilie mama humu."

Nilidhani anataka nyimbo, zile za kusifu mama ambazo watu huzipiga kwenye kipaimara na ubarikio. Kumbe alimaanisha mama yake mzazi, aliyezikwa milimani Ileje yeye akiwa na miaka sita. Shangazi yake alimwambia kwamba marehemu aliwahi kusema redioni, na kwamba redio yenyewe ndiyo hii yetu ya Tunduma. "Sura ninayo kwenye picha," akaniambia. "Sauti sina."

Nikamwambia sauti ipo, aje Ijumaa. Katika yote nitakayoyasimulia hapa, hilo la kwanza linanikera kuliko mengine: nilisema ipo kabla sijakwenda kuangalia. Ndivyo tulivyo watu wa redio. Tukishashika maikrofoni miaka kadhaa, hata tukiwa chooni tunajibu kana kwamba tuko hewani.

Mama yake nilimrekodi mwenyewe, miaka ya mwisho ya tisini, wakati sisi wote bado tuko Mkoa wa Mbeya, kabla haujagawanywa, na redio za watu binafsi zikiwa kitu kipya. Kituo chetu kilikuwa chumba na nusu juu ya duka la vipuri vya malori. Chumba kilikuwa studio. Hiyo nusu ilikuwa ofisi ya mkuu wa kituo, mwalimu mkuu mstaafu aliyekuja na biro yake nyekundu na hakuiacha mpaka alipotoka. Nilipewa kipindi cha nusu saa, Jumapili mchana, watu wakitoka kanisani. Nilizunguka na rekoda begani kutafuta watu waliokuwa wakidai jambo. Nilirekodi mwalimu aliyehamishwa mara tatu kwa sababu ya barua alizoandika gazetini. Nilirekodi wabeba mizigo wa mpakani waliogoma mpaka wajengewe choo. Nilirekodi karani mmoja aliyetunga tamthilia juu ya rushwa na kuigiza sehemu zote peke yake, maana wenzake waliogopa kusoma hata mstari mmoja. Nikashuka Momba kwa wafugaji waliohamia na ng'ombe wao, wakiambiwa kila mwaka kwamba si wa pale. Siku hizi watu wa namna hiyo wanaitwa wanaharakati na wanapewa fulana. Sisi tuliwaita watu wenye maneno. Mkuu wa kituo aliwaita watu wa kutufungia redio.

Ileje nilitumwa mimi kwa sababu mama yangu ni Mndali na lugha ninayo. Nilipanda basi dogo mpaka Itumba, likanasa kwenye tope mara mbili, abiria tukasukuma, suruali yangu ya kazi ikawa ya shamba. Kutoka Itumba nikatembea. Nilikuwa namfuata mwanamke ambaye habari zake zilikuwa zimeteremka mpaka Tunduma, zikiongezwa chumvi kila kituo cha basi.

Habari yenyewe, bila chumvi, ni hii. Chama cha ushirika kilipolegea, wanunuzi binafsi walianza kupanda milimani na malori yao na mizani zao. Kahawa ya kijiji chake ilikuwa inapungua njiani, kutoka nyumbani mpaka ghalani, safari ya dakika kumi. Wanaume waliuliza mara moja, wakajibiwa kwamba kahawa ikikauka inapungua uzito, wakaenda zao. Yeye hakuuliza. Siku ya kupima alikwenda ghalani na wanawake wenzake, wawili wao wamebeba mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa, uliokuwa umenunuliwa kwa ajili ya sakafu ya kanisa. Kila mtu anajua mfuko wa saruji ni kilo hamsini, imeandikwa palepale. Wakaupandisha kwenye mizani mbele ya watu wote. Mizani ikasoma arobaini na nne. Kisha wale wanawake wakakaa juu ya magunia ya kahawa, lori likalala pale siku mbili.

Kutoka siku hiyo akaitwa mama wa mizani. Na hakuishia kwenye mizani. Walianza kudai majina yao wenyewe yaandikwe kwenye daftari la wakulima, kwa sababu wao ndio waliochuma, waliomenya na kuanika, lakini lililoitwa ghalani ni jina la mume.

Nilimkuta anachambua kahawa kwenye wavu wa kuanikia. Mtoto mdogo wa kike, huyuhuyu aliyekuja na memori kadi, alikuwa ameng'ang'ania kanga yake na kunitazama kwa chuki, kama watoto wanavyowatazama wageni wanaowachukulia mama zao muda. Nilikaribishwa ndizi na maharage. Nilipotoa rekoda nikamwambia, "Mama, ukiweza useme kwa Kiswahili, itatusaidia."

Kiswahili alikijua, tena vizuri. Akafuta mikono, akafikiri. "Kwa Kiswahili mimi huwa najibu tu, baba," akasema. "Kwa kwetu ndiyo naongea."

Nikasema sawa, aongee. Akaongea kwa Kindali upande mzima wa kanda, dakika thelathini bila kutafuta neno. Nimehoji watu wengi baada ya hapo, wakiwemo wakubwa wenye wasaidizi wa kuwaandikia, na sijampata mwingine aliyesema namna ile. Alimtaja mnunuzi kwa tabia zake zote. Alimtaja mwenyekiti wa kijiji. Alisema, na hili nalikumbuka neno kwa neno, "Huyu aliyekuja na mizani yake alikuja kutuibia, na mwenyekiti wetu alimfungulia mlango wa ghala akijua." Alisema mambo ya mume wake pia, akacheka, akasema hayo nayo yaende hewani, mume mwenyewe anayajua.

Nilirudi Tunduma nikiwa na furaha ya mwindaji. Sasa sikilizeni tulichomfanyia.

Kanuni ya utangazaji ilitaka Kiswahili au Kiingereza. Lugha za nyumbani hazikuruhusiwa hewani, hata salamu. Mimi sibishani na sababu zake. Tunduma ile ile mtaa mmoja una Wanyamwanga, Wanyiha, Wandali, Wasafwa na Wazambia, na kama si Kiswahili tungebaki kuonyeshana vidole. Lakini kanuni ikiwekwa kwa ajili ya kusikilizana, halafu ikatumika kumzuia mtu asisikike, hapo mimi nakasirika, na nilipaswa kukasirika siku ile.

Tulikuwa na namna yetu ya kuizunguka. Kanda ya mhojiwa inawekwa kwenye deki ya kushoto. Unaiacha iseme maneno mawili matatu, wasikilizaji wajue kuna mtu kweli. Kisha unashusha sauti yake mpaka iwe mvumo tu, na wewe unaanza kusema Kiswahili juu yake. Deki ya kulia inarekodi vyote viwili kwenye kanda nyingine. Hiyo nyingine ndiyo inakwenda hewani na kuandikwa TAYARI. Ile ya mwanzo inatupwa kwenye kapu la kanda za kufutwa na kurekodiwa upya, kwa sababu kanda tupu zilikuwa za shida. Zilizokuwa madukani mpakani nyingi zilikuwa feki, unarekodi asubuhi, jioni unasikia upepo.

Nilitengeneza kanda ya mama wa mizani asubuhi moja, mkuu wa kituo akiwa nyuma ya kioo na biro yake. Kila nikifika mahali pa moto alinyanyua biro. Nikimtaja mwenyekiti, biro. Nikisema kuiba, biro. Kwa hiyo pale mama aliposema kwamba mwenyekiti alimfungulia mwizi mlango, mimi kwa sauti yangu nzito nikasema, "Mama huyu anaeleza kwamba kumekuwa na matatizo ya hapa na pale katika upimaji wa mazao, na anaziomba mamlaka husika ziliangalie suala hili kwa jicho la pekee." Wakati huo neno changamoto lilikuwa halijashika kasi. Lingekuwepo ningelitumia, tena mara kumi.

Ningependa kumwachia mkuu wa kituo lawama yote. Ni mtu rahisi kulaumiwa, na hayupo kujibu. Lakini biro haikunishika ulimi. Ukweli ni kwamba niliipenda ile sauti yangu. Wanawake wa sokoni walikuwa wakinisimamisha, "Wewe ndiye wa Jumapili?" nami nakohoa kidogo kwanza, ili wasikie vizuri. Nilipokuwa nasema juu ya mama wa mizani nilikuwa najisikiliza mimi, jinsi ninavyotelemka kwenye neno "mamlaka". Yeye nilikuwa nimeshamshusha.

Nikaandika TAYARI kwenye kanda mpya. Ya zamani nikaitupa kapuni.

Kijiji chake kiko bondeni na mawimbi yetu hayakuwa yakifika huko. Jumapili ile wanawake walipanda mpaka kwenye kigongo juu ya kijiji, na redio ya betri imefungwa kwenye kanga, wamsikilize mwenzao. Nililijua hilo baadaye, kutoka kwake mwenyewe, alipokuja Tunduma kumsindikiza ndugu yake hospitali. Alipanda ngazi za duka la vipuri, akasalimia kila mtu, akakataa kukaa.

"Mwanangu," akaniambia, "nilikukopesha mdomo wangu. Umeurudisha hauna meno."

Nikasema habari za kanuni, za lugha, za mkuu wa kituo. Alisikiliza yote kwa adabu. Kisha akauliza kama maneno yake yenyewe bado yapo. Nikamwambia yapo. Akauliza kama yanaweza kurudishwa hewani yakiwa yake, hata kama wa kuelewa ni Wandali peke yao. Nikamwambia nitazungumza na wakubwa, tutarudia, asiwe na wasiwasi.

"Haya baba. Nasubiri."

Alipoondoka nikaliendea kapu. Kanda yake niliipata upesi, niliijua kwa ufa wa kwenye kasha. Lebo yake ya zamani ilikuwa imekatwa kwa mstari na juu yake imeandikwa Salamu za Pasaka. Mwandiko ulikuwa wangu. Nilikuwa nimeifuta mwenyewe wiki mbili kabla, siku ya foleni ya watu wanaotaka kuwasalimia wakwe zao, bila hata kutazama nashika nini. Nikaisikiliza mwanzo hadi mwisho, nikitumaini kwamba salamu zimeishia njiani na yeye amebaki mkiani. Salamu hazikuishia njiani. Watu wetu wana ndugu wengi.

Sikumwambia. Alituma ujumbe mara mbili kupitia makondakta wa Itumba, akiuliza ni Jumapili ipi. Mara zote mbili nilijibu kwamba jambo linashughulikiwa. Msimu uliofuata mnunuzi alirudi na mizani nyingine, na watu wakaniambia wanawake waliambiwa kama wana shida waende redioni tena, wakachekwa. Mwaka wa pili au wa tatu baada ya hapo kondakta mmoja alinipa habari kwamba mama wa mizani amefariki, homa ya siku nne. Alinipa habari hiyo dirishani, basi likiwa tayari linaondoka.

Ndiyo maana binti aliposimama mbele yangu na kikadi chake, nilisema ipo. Nilikuwa na mazoea ya kuiambia familia hiyo kwamba ipo.

Kilichokuwepo, kama kilikuwepo, ni ile ya TAYARI. Nilijiambia ni bora hiyo kuliko hakuna. Sasa kuipata. Kituo kilikuwa kimeshahama mara tatu na kubadilisha wenyewe mara mbili. Meneja mpya alikuwa kijana wa kompyuta, mwenye heshima zake, aliyeniita mzee kabla sijafika umri huo. "Mzee, sisi tumeshahamia dijitali," akasema. Nikamwambia najua, nataka tu kuingia ghalani kutafuta kanda. Akasema ghala lina utaratibu, niandike barua. Nikaandika barua, mimi mfanyakazi wa kituo, kwa kituo, kuomba kituo kiniruhusu kutafuta sauti yangu mwenyewe. Barua ikasafiri kutoka meza moja hadi ya jirani kwa wiki tatu. Mwenye ufunguo alikuwa msibani Mbangala. Aliporudi, ufunguo ulikuwa kwa mlinzi. Mlinzi alikuwa amebadilishwa.

Binti akawa anakuja kila Ijumaa. Alikuwa na meza ya viatu vya mitumba karibu na mpaka, anaifunga mapema ili aniwahi, na ukiwa mfanyabiashara wa Tunduma, kufunga meza Ijumaa mchana ni kujitia kisu mwenyewe. Hakuwahi kulalamika. Ningefurahi angelalamika. "Baba, imepatikana?" anauliza. "Tunashughulikia," nasema. Nikasikia mwenyewe nilichosema, nikatamani kujizaba kofi.

Hatimaye ghala likafunguliwa. Bati lilikuwa limevuja miaka mingi. Kanda zetu zilikuwa kwenye kreti za soda, chini ya kalenda za zamani na mabango ya uchaguzi. Mwalimu wa barua za gazetini alikuwa ameota ukungu. Wabeba mizigo wote walikuwa wamegandana, kanda imetoka nje ya makasha na kuwa fundo moja, haikutenganika. Karani wa tamthilia sikumwona kabisa. Niliwaza juu ya saa zile zote za kutembea, betri, tope, watu waliokaa mbele yangu wakitetemeka kwa sababu walikuwa wanasema jambo ambalo lingeweza kuwagharimu kazi, na hapa wamewekwa kama chupa zisizo na soda. Nilimtukana mtu pale ghalani, kwa sauti, na sijui nilikuwa namtukana nani.

Kreti ya mwisho, ile ya ukutani, ilikuwa kavu. Humo nikaiona. MAMA WA MIZANI. TAYARI.

Furaha yangu ilidumu mpaka nilipouliza deki iko wapi. Deki ziliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nikapita kwa mafundi wote wa Tunduma. Mmoja aliishika ile kanda kwa vidole viwili, akaigeuza, akaniambia, "Mzee, hii labda upate lori la zamani."

Basi nikaenda kwenye malori. Anayeijua Tunduma anajua foleni ile, malori yamepangana kuelekea mpakani mpaka Mpemba na kupita, madereva wamelala siku kadhaa wakisubiri karatasi. Niligonga mlango mmoja baada ya mwingine, mtu mzima na mvi zangu, nikiuliza kama redio yao inapiga kanda. Wengine walidhani nauza kitu. Wengine walinifukuza wakidhani nataka kuiba dizeli. Siku ya pili, karibu na Mpemba, dereva mmoja Mzambia mwenye lori kuukuu alinionyesha redio yake kwa fahari na kuniambia hiyo haijawahi kumwangusha. Nikampigia binti simu.

Binti alikulia Mpemba kwa shangazi yake, na nyumba haikuwa mbali. Alikuja na bibi yake, mama mzazi wa marehemu, aliyeteremka kutoka Ileje wiki ile kutibiwa macho. Sikumtarajia. Nilimwona tu anakuja taratibu kando ya lami, mkono mmoja begani kwa mjukuu. Nilikuwa nimemwandaa binti kwa maneno haya: "Sauti imechanganyika kidogo." Kidogo! Bibi sikuwa nimemwandaa kwa lolote.

"Mulishani bamayo," dereva akamsalimia kwa Kibemba, akampisha kiti chake mwenyewe. Ilituchukua muda kumpandisha. Akakaa pale mbele ya usukani, binti katikati, mimi mlangoni, dereva amesimama chini akitazama ndani kupitia dirishani. Binti alikuwa na simu mkononi, tayari kurekodi. Nikaitia kanda.

Kwanza ulitoka mvumo. Kisha muziki wetu wa kipindi, umelegea kama mlevi. Kisha mimi, kijana, namkaribisha msikilizaji popote alipo. Kisha yeye.

Alisema pengine maneno manane. Sauti ilikuwa nyembamba kuliko nilivyoikumbuka, na karibu yake kidogo mtoto anakohoa. Binti akaziba mdomo kwa kiganja. Bibi hakushtuka. Alisema tu, kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Ndiye. Ndiye huyu."

Halafu nikaingia mimi.

Nilikuwa nimesahau jinsi nilivyokuwa nasema kwa nguvu. Nilijaza lile lori. Chini yangu mama wa mizani alikuwa anaendelea, unamsikia kama mtu anayeongea nyumba ya pili, na kila nilipovuta pumzi alitokeza neno moja au nusu ya neno, kisha nikamfunika tena. Binti alisogeza simu kwenye spika. Akapunguza sauti ya redio akidhani itasaidia, akaongeza, akapunguza tena. Foleni ikasogea. Dereva akaomba samahani, akapanda, tukabanana, akawasha injini na redio ikazimika. Tukasogea urefu wa malori mawili. Akazima, akashuka, bibi akarudi mbele ya usukani, redio ikawaka tena, na wa kwanza kurudi nilikuwa mimi.

Bibi alikuwa ameinamisha kichwa upande wa spika, macho yake mabovu ameyafumba. Kila pale nilipovuta pumzi midomo yake ilicheza, anaokota kile kilichotokeza. Alifanya hivyo kwa muda mrefu, kwa subira ambayo mimi nilikuwa nimeshaimaliza. Kisha akaupiga usukani kwa kiganja na kusema jambo kwa Kindali, kwa ukali, bila kufumbua macho.

Binti Kindali hakijui. Amekulia barabarani, lugha yake ni Kiswahili. Akanigeukia. "Bibi anasema nini?"

Ilikuwa kazi yangu ileile. Na hapakuwa na biro nyuma ya kioo. Nilifikiria, nakiri nilifikiria, kumwambia kwamba bibi anafurahi kumsikia mwanaye.

"Anasema mwambieni huyo kijana anyamaze, mwanangu anaongea."

"Kijana gani?"

"Mimi," nikasema.

Binti alinitazama usoni, kisha akaitazama redio. Akasogeza simu mpaka ikagusa spika, akainamisha kichwa karibu na cha bibi yake, na wote wawili wakaendelea kumtafuta. Mimi nikaendelea kuongea mpaka upande ukaisha.